Shaba kwa Miti, Mpira kwa Watoto

Wiki iliyopita fundi wa umeme alikuja kwangu Ixelles, hapa Brussels, kubadilisha nyaya zilizochoka jikoni, na kwa uzembe mdogo tu kipande cha waya kikaungua. Harufu ilitoka chini ya kabati, nyembamba na kali, plastiki na shaba kwa pamoja. Mimi nilikuwa mezani nikiandika insha kuhusu uvumilivu, niliyoombwa na jarida ambalo sijawahi kukutana na msomaji wake. Nilijikuta nimesimama, mgongo umebana ukuta, mikono yote miwili imefunika nyuma ya mapaja. Fundi, kijana mpole, akaniuliza, "Madame, ça va?" Nikamwambia ni presha. Mwanamke wa umri wangu ana haki ya kuangushwa na presha. Kuangushwa na harufu ni anasa ya wasomi.

Cha kuchekesha ni kwamba mpira ule, fimbo ya nyumbani kwetu iliyotokana na nyaya kama hizo, haukuwahi kunigusa. Mapaja yaliyopigwa yalikuwa ya dada yangu. Yangu yalijifunza kwa kutazama.

Tuliishi Saint-Gilles, chini kabisa katika nyumba ndefu nyembamba iliyokatwa vyumba kama mkate. Juu yetu walikaa Wareno, na juu yao mtu ambaye hatukumjua ila kwa viatu vyake. Faida ya kukaa chini ilikuwa ua: kipande cha saruji chenye kuta za matofali pande tatu, kamba ya nguo, na jua la saa moja hivi wakati wa kiangazi. Katika ua huo papa, baba yetu, alikuwa na misonobari yake.

Kwao Bukavu, katika Kivu ya Kongo, papa alikuwa mwalimu wa jiografia. Brussels ilimpokea kama mkata majani. Alipunguza nyua za miti kwenye nyumba za watu kule Auderghem, karibu na msitu, na mmoja wa watu hao alikuwa padri mstaafu wa Kibelgiji aliyefundisha Kivu katika ujana wake. Bustanini kwa padri kulikuwa na bonsai: misonobari mizima yenye umri wa babu na kimo cha sufuria. Papa alizitazama kwa muda mrefu, akauliza maswali ya kimwalimu, na siku moja akarudi nyumbani na mbegu ndani ya leso. Wakati ninaoukumbuka mimi, miche ilikuwa imefikia unene wa penseli, kila mmoja na chungu chake, imepangwa kwenye benchi kama darasa. Na ilikuwa darasa kweli. Papa aliipa majina ya wanafunzi wake wa zamani, na kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alitoka na kikombe cha kahawa na kuita mahudhurio.

"Mugisho."

Papa akajijibu mwenyewe, "Présent."

Mugisho ndiye aliyekuwa kipenzi. Shina lake lilikuwa limeota kwa mshazari tangu mwanzo, kama mtu anayeegemea mlango akisikiliza mazungumzo yasiyomhusu. Papa alisema huyo atakuwa mti. Wengine, alisema, wataona.

Majani ya mitaani yalipoanza kuanguka na barabara kuteleza, papa alianza kuiandaa miche kwa baridi. Kwanza aliacha kuipa mbolea, kwa sababu mti unaolishwa kwa kuchelewa unasahau kulala. Kisha alinyofoa sindano zilizozeeka, majani yale membamba ya msonobari, moja moja, kwa vidole viwili. Kisha aliifunga waya na kuikunja, kazi ambayo nitaieleza baada ya muda, maana ndiyo iliyoleta yote. Mwisho aliishusha kutoka kwenye benchi, akavizika vyungu hadi shingoni katika sanduku la mchanga chini ya ukuta, akatandaza majani makavu juu, akasimamisha mbao ndefu kuzunguka sanduku ili kuzuia upepo, na kuzifunga mbao hizo kwa kamba. Mizizi ifunikwe, sindano zipigwe na baridi. Hilo ndilo lilikuwa somo, na tulilisikia kila mwaka mpaka tukalijua kama Baba Yetu.

"Sapin isipopata baridi hailale," alituambia, akitumia neno la Kifaransa ambalo kwalo sisi sote tuliita kila mti wenye sindano. "Isipolala, inakufa. Ukiingiza sapin mu nyumba, unaiua. Pole pole, lakini unaiua. Munasikia?"

"Tunasikia, papa."

Maman, aliyekuwa akikunja nguo, alisikia pia. Yeye alisikia kila kitu na kukiweka.

Sasa waya. Waya wa bonsai unauzwa madukani, lakini papa hakuona sababu ya kununua kitu ambacho mtaa ulikuwa unakitupa. Nyumba za Saint-Gilles zilikuwa zikikarabatiwa moja baada ya nyingine, na mbele ya kila moja kulikuwa na kontena la takataka lenye nyaya za umeme zilizong'olewa kwenye kuta. Papa alizileta nyumbani begani kama mwindaji. Alipasua ganda la nje kwa kisu, akalivuta lote mpaka likatoka zima, bomba refu jeusi la mpira. Ndani kulikuwa na nyuzi za shaba. Nyuzi hizo alizichoma uani juu ya makaa mpaka zikawa nyekundu, kwa sababu shaba iliyochomwa inalainika na kutii mkono. Vipande vya plastiki vilivyobaki viliungua nayo, na hiyo ndiyo harufu iliyonifuata hadi Ixelles.

Shaba ilikwenda kwa miti. Mpira haukutupwa. Papa hakutupa kitu. Bomba moja, nene kama kidole gumba, lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na sisi watoto tulijua lilikuwa letu.

Lugha yetu ina methali inayosema samaki mkunje angali mbichi. Nimeifundisha, nimeiandikia makala, na sijawahi kusikia mtu akiuliza maoni ya samaki. Papa aliipenda kuliko methali zote. Akizungusha waya kwenye shina changa, polepole, kidole gumba kikitangulia ili gome lisipasuke, aliisema kwa sauti ya mtu anayebembeleza. Sijaona mikono laini kuliko ile. Ndiyo mikono hiyo hiyo, na sina mingine ya kuwaambia.

Siku ninayoikumbuka vizuri ilikuwa Jumatano, shule zinapofungwa mchana. Papa alikuwa mezani jikoni na Mugisho mbele yake, akimfunga waya. Mimi nilikuwa nimekaa mkabala, nikikohoa. Nilikuwa mtoto wa pumu, kifua kikipiga filimbi, na kazi yangu katika familia ilikuwa kukaa na kuonewa huruma. Simu ililia. Tonton mmoja, mzee wa parokia yetu, alikuwa ameona jambo na moyo wake haukumruhusu kunyamaza. Papa alisikiliza, akashukuru kwa heshima, akarudi kwenye waya. Baada ya muda yaya Neema, dada yangu mkubwa, akaingia. Alikuwa na miaka ya kukaribia kuwa mwanamke, mrefu, na mkoba wa shule begani.

"Neema, unatokea wapi?"

"Masomo, papa. Tulibakia na prof."

"Masomo ya nini?"

"Géographie."

Masomo yote ya dunia yangeweza kumsaidia isipokuwa hilo. Papa alikata waya, akaweka koleo mezani.

"Bon. Géographie. Alors uniambie, kula frites na vijana pale Chaussée d'Ixelles, iko mu chapitre gani?"

Nilicheka. Kilikuwa kichekesho kizuri, na nadhani hata Neema mdomo ulimcheza. Papa alikuwa ameshanyanyuka. Mpira ulitoka kwenye msumari na sauti ndogo, kama mtu anayefyonza meno.

Watu walioandika kuhusu viboko, nikiwemo mimi, wanapenda kuandika kuhusu kilio. Neema hakulia. Sauti zilizokuwepo zilikuwa za mpira ukipasua hewa, kisha mpira ukifika, kisha papa akipumua puani. Alimpiga miguuni na Neema akakimbilia upande wa pili wa meza, na papa akamfuata, wakazunguka meza hiyo wote wawili huku mimi nikiwa katikati kama kanisa mjini. Kiti kilianguka. Neema alijikwaa, nyonga yake ikagonga meza, na chungu cha Mugisho kikayumba ukingoni. Papa alikidaka kwa mkono wa kushoto. Alikiweka vizuri, akahakikisha kimetulia, akauondoa mkono taratibu. Kisha wa kulia ukaendelea.

Baadaye, chumbani, Neema alilala kifudifudi na mimi nikamtazama miguu. Mpira laini haupigi mahali pamoja: unazunguka. Alama zilikuwa zimepanda kutoka kwenye kifundo hadi pajani zikiuzingira mguu, zimevimba na kung'aa. Nilizijua. Mugisho alikuwa na alama kama hizo, waya ulipompanda shinani.

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipokaa chini na kufanya hesabu yake, na naomba msomaji asicheke mapema. Miche ambayo papa aliona haina faida hakuifunga waya. Aliing'oa na kuitupa kwenye pipa la majani. Iliyofungwa ndiyo iliyochaguliwa. Neema alikuwa na alama. Mimi sikuwa na hata moja. Maman alikuwa amekataza nisiguswe kwa sababu ya kifua, na mimi niliona katazo hilo kwa macho mapya: nilikuwa mche wa pipa.

Nikaanza kutafuta kupigwa. Nilimwaga maziwa. Nilikataa kusali. Mwisho, kwenye chakula cha Jumapili, nilimtazama papa usoni na kumwita kwa neno moja nililolipata uwanjani shuleni, neno ambalo hata leo, na shahada zangu zote, siwezi kuliandika hapa. Uma wa Neema ulisimama hewani.

Papa alimgeukia maman.

"Maman Neema," alisema, "huyu mutoto ana homa. Mupe dawa yake."

Nilipewa dawa. Nililia mchana kutwa, na kila mtu alidhani ni kifua.

Baridi kali ilifika mapema mwaka huo. Asubuhi moja vioo vya dirisha vilikuwa vimeota manyoya meupe na papa alirudi kutoka mahudhurioni akiwa na furaha. Wote wapo, alisema, wote wamelala. Jioni ya siku hiyo, giza likiwa limeshaingia kama linavyoingia huku kabla hata ya chai, maman akiwa bado kazini kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiwaogesha Wabelgiji, papa alimkuta Neema mbele ya kioo akijipaka rangi mdomoni. Akaenda kwenye msumari.

Neema hakukimbia safari hii. Aligeuka, mdomo mmoja mwekundu na mwingine bado.

"Papa, hapa si Bukavu," alisema. "Hapa ukipiga muntu, polisi inakuya."

Papa alisimama. Niliona neno likimwingia na kutafuta mahali pa kukaa.

"Hapa si Bukavu," alirudia kwa upole.

"Ndiyo, papa."

"C'est vrai. Hapa kuko baridi. Enda uisikie."

Alimshika mkono wa juu, akamburuta jikoni, akafungua mlango wa ua na kumsukuma nje na soksi zake. Neema alianguka kwa magoti juu ya saruji. Papa akafunga na kutia ufunguo mfukoni. Neema aligonga kioo, kwanza kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha kwa kipaji cha uso, na papa akampa mgongo.

"Akae na wenzake," aliniambia mimi. "Baridi inafundisha. Sapin hailalamike."

Nilipanda juu ya kiti dirishani. Neema alikuwa amekoma kugonga. Alikuwa amechuchumaa kando ya sanduku, ndani ya pembe ya mbao pale upepo usipofika, mikono ameitia kwenye majani makavu katikati ya vyungu. Nilimwonea wivu. Papa alikuwa amemweka pamoja na wale wa kutunzwa.

Sijui alikaa muda gani. Ulitosha midomo yake, ile ya rangi na isiyo na rangi, kufanana. Maman aliporudi alivua koti, akatazama kiti changu dirishani, akatazama nilichokuwa nikikitazama. Hakupiga kelele. Alimnyoshea papa mkono, kiganja juu, na papa, sijui kwa nini, akaweka ufunguo juu yake.

Alimwingiza Neema, akamfunga blanketi, akamkalisha kando ya radiata, chuma cha ukutani kinachopasha nyumba joto. Neema alitetemeka mpaka meno yakagongana. Kisha maman alichukua kisu cha nyama, akatoka uani. Tulisikia kamba zikikatika. Tulisikia mbao zikianguka moja moja juu ya saruji. Akarudi na chungu katika kila mkono, mchanga ukimwagika juu ya zulia, akaviweka juu ya radiata. Akatoka tena.

"Maman Neema, unafanya nini?"

Akarudi na vyungu vingine viwili.

"Maman Neema! Baridi iko kali! Ukiiingiza sasa itaamka!"

"Ninajua," alisema maman. "Umenifundisha."

Wa mwisho kuingia alikuwa Mugisho. Papa alikuwa amesimama katikati ya sebule na mpira mkononi, na alipouona mti huo aliunyanyua mkono. Maman alimnyanyua Mugisho juu zaidi, kwa mikono miwili, juu ya kichwa chake mwenyewe, pale zulia lilipoishia na vigae vikaanza.

"Piga," alisema. "Piga, papa Neema. Mikono yangu iko na jasho."

Walisimama hivyo, wote wawili wamenyanyua. Nilisikia kifua changu kikipiga filimbi. Wareno juu yetu walikuwa wakicheka na televisheni. Mkono wa papa ulishuka wa kwanza.

"Sikia vizuri," maman alisema, akimweka Mugisho juu ya radiata pamoja na wengine. "Ile mupira ikikaa mu hii nyumba, miti nayo inakaa. Itasikia joto. Siku utauchukua mwenyewe, uutupe mu poubelle mbele ya Neema, miti itatoka. Ukiipeleka inje kwa nguvu, nitaikata na kisu, moja moja, na majina yao."

"Mwanaume hatupi fimbo yake," alisema papa.

"Basi tutaona nani anakufa mbele."

Hivi ndivyo vita vilivyokuwa nyumbani kwetu majira yale, na ni mimi pekee niliyedhani ni amani. Niliona maman ameihurumia miche, ameitoa barafuni kama alivyomtoa Neema. Nikajiteua muuguzi wake. Niliinywesha maji ya uvuguvugu. Niliifunika kwa kitenge cha maman nilipokwenda kulala. Papa alirudi kutoka kazini, akaketi kwenye kiti chake bila kuvua viatu, mpira magotini, akaikodolea macho. Jioni baada ya jioni. Hakumgusa Neema siku hizo, lakini alikuwa akiupinda mpira ule, akiuachia, akiupinda. Maman alipika, akaosha vyombo, akaongeza joto la radiata. Neema alizitazama pande zote mbili na kula kidogo sana.

Kisha asubuhi moja niliona kwenye ncha za matawi vidole vidogo vya kijani kilichopauka, laini kama vya mtoto mchanga. Nilikimbia chumbani kwa papa nikipiga makofi.

"Papa! Papa, zinaamka! Mugisho naye anaamka!"

Nimeona nyuso nyingi zikipokea habari. Ule wa papa ulikunjamana wote kuelekea katikati, kama karatasi inayoshika moto. Alinipita, akaenda sebuleni, akapiga magoti mbele ya radiata. Alikigusa kidole kimoja cha kijani. Chini ya Mugisho sindano za kale zilikuwa zimeanza kuanguka, za manjano, juu ya zulia. Alikuwa na mpira kiunoni, ameufunga kama mkanda. Nilingoja aufungue. Maman, aliyesimama mlangoni, naye alingoja, na nadhani alikuwa akiomba Mungu. Papa alisimama, akavaa koti, akaenda kazini. Na mpira akautundika kwenye msumari akipita.

Ilikuwa Jumatano tena. Mchana huo nilikuwa peke yangu na Neema. Alikaa muda mrefu akizitazama zile sindano kwenye zulia. Kisha akavaa viatu, koti la maman, akafungua mlango wa ua na kuanza kuitoa miche nje, kwanza ukutani palipo na kivuli, kwa muda, ndipo sandukuni. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Au tuseme alifundishwa miaka yote kama sisi sote, na yeye ndiye aliyekuwa amesikiliza. Alijaza mchanga tena, akatandaza majani, akasimamisha mbao. Kamba zilikuwa vipande. Alitazama huku na huku, akaingia jikoni, akatoka na mpira. Aliuzungusha nje ya mbao zote, akaukaza ukavutika vizuri, akaufunga.

Mimi nilisimama mlangoni nikilia. "Unaziua! Kuna baridi!"

"Sifa, nyamaza. Lete zile majani."

Maman ndiye aliyefika wa kwanza. Aliona radiata tupu, akaona ua. Alimwita Neema ndani na, kabla mlango haujafungwa, akampiga kofi. Maman, ambaye hakuwahi kumpiga yeyote. Lilikuwa kofi la mtu asiye na mazoezi, lilimpata nusu sikio.

"Miye ninakupigania!" alipiga kelele. "Ninapigana juu yako, na weye unamubebea miti yake! Uko na nini mu kichwa?"

Neema alishika sikio.

"Miti haikunipiga, maman," alisema.

Hapo ndipo tulipomwona papa. Alikuwa ameingia na amesimama kwenye korido na kofia kichwani. Alikuwa amesikia. Alimpita kila mmoja wetu kwa uangalifu, akatoka uani. Kwa dirisha nilimwona akizunguka sanduku, akihesabu majina kwa midomo. Kisha akaliona fundo. Mkono wake ulikwenda pale. Upepo wa siku hiyo ulikuwa mbaya, kamba ya nguo ilikuwa ikipiga ukuta, na mbao zilikuwa zikiegemea mpira ule kwa uzito wote. Kuufungua kulikuwa kuiangusha ngome juu ya Mugisho na wenzake. Mkono ulikaa juu ya fundo. Ukarudi mfukoni.

Msumari nyuma ya mlango ulibaki mtupu baridi yote. Kila asubuhi papa aliita mahudhurio akiwa ameinama juu ya fimbo yake mwenyewe. Watu wote wa Brussels husali majira ya baridi yaishe; huo ni karibu utaifa wao. Nyumbani kwetu tulisali yasiishe. Nilimkuta maman dirishani mwanga ulipoanza kurefuka, akiwatazama kwa chuki kabisa ndege waliokuwa wakirudi.

Miche kadhaa ilikufa, ile iliyokuwa imeamka zaidi. Mugisho alipoteza nusu ya sindano na akaishi. Na siku ikafika, jua likaingia uani, na papa akaenda kufungua sanduku. Sote watatu tulisimama jikoni. Alipiga magoti mbele ya fundo, akalitazama. Akatoa koleo la waya mfukoni. Sasa, waya ukishafanya kazi yake kwenye mti haufunguliwi kwa kuzungushwa, maana unaweza kuvunja tawi. Unakatwa kipande kipande na kuachwa uanguke. Hivyo ndivyo alivyoukata mpira. Kipande cha kidole, kisha kingine, pande zote za sanduku, mpaka ukaisha. Alivifagia.

"Fundo ilikaza sana," alisema alipoingia, bila kumtazama yeyote, na kunawa mikono.

Nisimpambe marehemu kupita kiasi. Mikono alibaki nayo. Miaka ya baadaye, kifua changu kilipopona, alinipiga kofi kwa sababu ya ripoti ya hisabati, na nikapata hatimaye kile nilichokuwa nimekililia. Nilikaa sakafuni nikisubiri kujisikia nimechaguliwa. Nilisikia tu mlio sikioni.

Jioni ya siku ile ya fundi wa umeme nilipanda metro hadi Auderghem, kwa yaya Neema. Papa alipofariki hakuna aliyemtaka Mugisho, hata Neema, naye ndiye aliyemchukua. Anakaa kwenye baraza yake, nje, mzee wa kimo cha sufuria, shina limekunjwa vizuri sana, na ukitazama kwa karibu utaona kovu la waya likipanda gomeni. Neema huvaa soksi nzito hata Julai. Nilimkuta akisimamisha mbao za sanduku kwa ajili ya baridi.

"Umekuja kusaidia ao umekuja kuandika?" aliniuliza.

Nilimweleza kuhusu harufu. Nikamweleza pia, maana nimekuwa nikilifikiria kwa miaka, kwamba labda lile fundo ndilo lililotuokoa. Kwamba laiti lisingekaza na baridi, papa angelifungua na kuutundika mpira mahali pake. Nilikuwa na nadharia nzima, yenye utangulizi.

Neema alinitazama kwa huruma ile ile ya zamani, ya watu wenye afya kwa mtoto wa pumu.

"Sifa," alisema, "nilifunga kipepeo. Kama kamba ya kiatu. Unavuta mara moja, inafunguka."

Nilitaka kusema jambo la busara, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Nikakohoa. Upepo ulikuwa umeanza kutoka upande wa msitu, na ubao mmoja ukaanza kuelemea.

"Shika hapo," alisema yaya Neema, akatoa kamba mfukoni.